Kioo kimeganda, kifundo cha mkono kinauma: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mzaliwa wa Igoma, Mwanza, sasa naishi Winnipeg, Kanada, na hii ni baridi yangu ya pili. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Zamu inaanza alfajiri, kwa hiyo saa 11 niko nje nakwangua barafu kwenye kioo cha mbele cha gari. Tangu Novemba kifundo cha mkono wa kulia kinauma upande wa kidole gumba na maumivu yanapanda juu kidogo. Nikimnyanyua mtoto wangu wa miezi minane nasikia kama nimechomwa. Wiki mbili zilizopita niliteleza nikaangukia mkono huohuo, ila sikuumia sana. Mama kaniambia nikande kwa maji ya moto na chumvi, na nimtafute mtu anivute kidole. Je, nimwage maji ya moto kwenye kioo ili nisikwangue? Nihamie mkono wa kushoto? Ninunue sapoti?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Udokta si wangu, mimi ni mtu wa fiziotherapia, lakini huku Mwanza kila aliyevaa koti jeupe huitwa dokta, kwa hiyo nimeshazoea.

Umeuliza maswali matatu, na nitayajibu yote. Kwanza turudi kwenye sentensi uliyoiandika kwa kupita, kwamba uliteleza ukaangukia mkono "ila sikuumia sana". Hiyo ndiyo iliyonifanya niache mengine yote.

Mtu akianguka mbele hutanguliza kiganja, na uzito wote wa mwili huishia kwenye kifundo cha mkono. Upande wa kidole gumba kuna mfupa mdogo unaoitwa skafoidi. Kati ya mifupa minane midogo ya kifundo, huo ndio unaovunjika mara nyingi zaidi, na ukivunjika hauleti fujo. Mkono haupindi, uvimbe unaweza kuwa kidogo, na mtu anaendelea na kazi akijua ameteguka tu. Tatizo ni kwamba damu inaingia kwenye mfupa huo kwa upande mmoja, ule wa mbele kuelekea vidoleni, kisha inarudi nyuma. Ufa ukikata njia hiyo, kipande cha nyuma kinakosa damu, mfupa unakataa kuunga, na baada ya muda maungio yote ya kifundo yanaanza kulika.

Fanya hivi sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Nyoosha kidole gumba juu kama mtu anayesimamisha daladala. Chini yake, pale kinapokutana na kifundo, utaona kishimo kati ya kano mbili zilizosimama. Bonyeza ndani ya kishimo hicho kwa kidole cha shahada cha mkono wa pili, kisha bonyeza palepale kwenye mkono wa kushoto ulinganishe. Kama wa kulia unauma waziwazi kuliko wa kushoto, nenda kituo cha afya wiki hii upigwe eksirei, na umwambie daktari kwa maneno haya: nilianguka, nikaangukia kiganja, nikibonyeza hapa pananiuma. Ukisema "mkono unauma kwa sababu ya kukwangua barafu" utapewa dawa ya maumivu urudi nyumbani, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu utakuwa umemweleza nusu ya habari.

Picha ya siku za mwanzo huweza kuonekana safi wakati ufa upo. Ndiyo maana madaktari wengi wakishuku hufunga mkono na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, au huagiza kipimo kinachoona zaidi. Wewe wiki mbili zimeshapita, kwa hiyo picha ya sasa ina nafasi nzuri ya kuonyesha kilichopo. Kama ulianguka kwenye maegesho ya kazini, toa taarifa kwa maandishi hata kama picha itakuja safi. Ajali ya kazini ina utaratibu wake, na ukiichelewesha itaonekana umeitunga.

Na mpaka picha hiyo ipatikane, mtu yeyote asikuvute kidole. Mama nampa heshima yake. Maji ya moto hayana ubaya kwa maumivu ya muda mrefu, joto linalegeza na linatuliza, na chumvi kama inakupa moyo iweke, ingawa kazi yote inafanywa na joto. Kukandakanda palepale panapouma kwa nguvu ndiko sikubaliani nako, na kuvuta ndiko nakataa kabisa. Mfupa wenye ufa ukivutwa unafunguka. Kano iliyovimba ikivutwa inasuguliwa zaidi. Mwambie mama kwamba mtaalamu wa hapahapa Mwanza amesema hivyo, huenda ikasaidia.

Sasa tuseme kishimo hakiumi, au picha imekuja safi. Maumivu yako yalianza Novemba, kabla hujaanguka, kwa hiyo kuna jambo la pili, na hilo nalifahamu vizuri kuliko unavyodhani. Utajiuliza mtu wa Mwanza anajua nini kuhusu kukwangua barafu. Barafu yetu ni ile ya samaki, inayopakiwa kwenye maboti kwenda visiwani kukusanya sangara, na kuna vijana ambao kazi yao ni kuipasua na kuichota. Halafu kuna akina mama wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba wanaopara sato tangu asubuhi. Ukisimama nyuma ya mmoja wao utaona kidole gumba kimebana mpini wa kisu, kifundo kinakwenda upande na kurudi, upande na kurudi, na magamba yanaruka. Akipumzika anasugua sehemu ileile unayoisugua wewe.

Ugonjwa huo unaitwa de Quervain, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Kano mbili zinazokinyoosha kidole gumba na kukipeleka pembeni hupita juu ya kifundo ndani ya ala moja nyembamba, kama waya wa breki ya baiskeli unavyopita ndani ya mpira wake. Ala ikinenepa, kano hazipiti kwa raha. Kila ukikamata kitu huku umepinda kifundo kuelekea kidole kidogo, zinasuguana, na ndipo unachomwa.

Kina mama wenye watoto wachanga wanaupata sana, na hapa nadhani barafu unaisingizia kidogo. Angalia unavyomnyanyua mtoto. Karibu kila mzazi huingiza mikono kwapani mwa mtoto, vidole gumba vimetanuka mbele na vidole vingine nyuma, halafu anainua kwa kifundo. Mtoto wa miezi minane ana kilo nane au tisa, naye hunyanyuliwa mara nyingi kwa siku kuliko unavyoweza kuhesabu. Gari unalikwangua mara moja, labda mbili. Kwa hiyo hata nikikupa mbinu zote za barafu duniani, mtoto akiendelea kunyanyuliwa kwa kwapa hutapona. Mchote: kiganja kimoja chini ya makalio, kingine nyuma ya mgongo na shingo, vidole gumba vimelala pamoja na vingine, mlete kifuani kwanza ndipo usimame. Na ukiwa ndani ya nyumba, mbebe mgongoni kwa kanga kama ulivyobebwa wewe. Majirani wakishangaa waache washangae, mkono wako unapumzika.

Jambo lingine ambalo hukuliuliza ni ugali. Kama unasonga, na najua unasonga, kule kugandamiza unga kwenye ukingo wa sufuria kwa mwiko ni mzigo mkubwa wa kifundo, na wa muhogo ni mzito kuliko wa dona. Mwachie baba mtoto mwiko kwa wiki sita. Kukamua nguo kwa kuzisokota, vivyo hivyo. Kuandika ujumbe kwenye simu kwa kidole gumba cha kulia, vivyo hivyo, tuma sauti.

Kuna kipimo cha nyumbani ambacho watu wengi hukifanya: unakunja kidole gumba ndani ya ngumi, kisha unapinda ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Ukichomwa sana kwenye mfupa wa upande wa gumba, de Quervain inashukiwa. Usikifanye kabla ya ile eksirei. Na ukikifanya, pinda kidogo tu, kwa sababu hata mkono mzima unauma ukilazimishwa.

Kama badala ya kuchomwa unapata ganzi kwenye gumba, shahada na cha kati, hasa usiku, hadi unaamka kuukung'uta mkono, hapo ni mshipa wa fahamu uliobanwa katikati ya kifundo, na matibabu yake ni mengine. Maelezo yako hayaelekei huko.

Haya, tuje kwenye kioo.

Maji ya moto usimwage. Kioo kilichokaa usiku kucha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kikipata maji ya birika kinatanuka ghafla upande mmoja, na kama kina kidoa cha kokoto hata kidogo, ufa unatembea mbele ya macho yako. Hata kikipona, maji yenyewe yanapoa ndani ya dakika chache na kuganda tena kwenye kioo, kwenye waipa, kwenye mipira ya milango na kwenye ardhi utakayosimama. Utateleza mara ya pili. Maji ya uvuguvugu nayo ni hadithi ileile, polepole zaidi. Siki ina maji mengi mno, na kwa baridi ya huko inaganda yenyewe.

Mkono wako usifanye kazi inayoweza kufanywa na kitu kingine. Vitu hivyo vipo, na vingi vinafanyika usiku uliotangulia, ukiwa umetulia.

Cha kwanza ni kifuniko. Maduka ya vifaa vya magari ya huko yanauza turubai la kioo cha mbele, lina vipande vya pembeni unavyovibana kwa milango. Unalitandika jioni kioo kikiwa kikavu, asubuhi unalivuta na theluji yake yote chini. Hata shuka nene kuukuu inafaa usiku mkavu, ila ikilowa inaganda kwenye kioo na utajuta. Ukilivuta, shika kwa mikono miwili, viwiko karibu na mbavu, rudi nyuma hatua moja kwa miguu. Mwili ndio unaovuta. Waipa ziinue usiku ziwe zimesimama, na asubuhi usizikurupushe kwa swichi kama zimelala kwenye barafu, zinachanika au mota yake inaungua.

Cha pili ni joto la gari lenyewe. Angalia mbele ya gari lako, pale kwenye grili, kama kuna waya wenye plagi unaning'inia. Magari mengi ya mikoa ile ya baridi kali yamefungwa hita ya injini, na kwenye maegesho mengi ya Winnipeg utaona nguzo zenye soketi. Wageni wengi hudhani soketi zile ni za magari ya umeme tu. Ukiichomeka kwa muda wa saa 2 hadi 4 kabla ya kuondoka, kwa kutumia soketi yenye saa ya kujiwasha ili usiamke usiku, injini inaamka ikiwa na uvuguvugu. Upepo wa kwenye kioo hutegemea maji ya injini. Yakiwa yamepoa kabisa, utakaa dakika nyingi ukipulizwa baridi. Yakiwa na uvuguvugu, barafu inaanza kuachia kwa chini mapema. Geuza upepo uelekee kioo cha mbele, zima ule mzunguko wa hewa ya ndani ili hewa kavu ya nje iingie, na washa kiyoyozi pamoja na joto. Najua inasikika kichekesho kuwasha kiyoyozi Januari, lakini kazi yake hapo ni kukausha unyevu, ingawa kwenye baridi kali sana magari mengi hukizuia kisiwake.

Unapoliacha gari likiunguruma, liwe mahali pa wazi. Kwanza ondoa theluji iliyoziba bomba la moshi kwa nyuma, kwa sababu likiziba moshi unaingia ndani ya gari, na usiliwashe ndani ya gereji hata kama mlango uko wazi. Gesi yake ni ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani, haina harufu, na mtoto hulemewa haraka kuliko wewe. Mtoto asikae kwenye gari wakati unakwangua.

Wapo watakaokushauri uegeshe gari likitazama mashariki ili jua likusaidie. Ushauri mzuri kwa mtu anayeondoka saa 4. Mwanza jua limetoka kabla ya saa 1 mwaka mzima. Winnipeg mwishoni mwa Desemba linachomoza baada ya saa 2, na saa hiyo wewe umeshawanywesha wazee chai. Achana nao.

Cha tatu ni dawa ya kuyeyusha. Maduka yanauza dawa ya kupuliza ya kuondolea barafu, na yapo maji ya kuoshea kioo yaliyoandikwa nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukitaka kutengeneza mwenyewe, spiriti ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda inafanya kazi. Mchanganyiko unaosambazwa sana ni sehemu mbili za spiriti na moja ya maji. Kwa Januari ya Winnipeg mimi maji ningeyaacha. Pulizia kuanzia juu ili itiririke, kisha ngoja dakika mbili tatu. Watu wengi wanakosea hapo kwenye kungoja: wanapulizia na papo hapo wanaanza kukwangua, mkono unafanya kazi ambayo spiriti ilikuwa inakuja kuifanya. Chupa ya kubonyeza kwa kidole nayo inachosha, shikia kushoto, au nunua ile ya kupampu kwanza kisha inapuliza yenyewe. Kumbuka vitu hivi vinashika moto, na yale maji ya kioo aghalabu yana methanoli, ambayo ni sumu kali. Weka juu, mbali na huyo wa miezi minane anayeanza kutambaa.

Theluji yenyewe, ile laini ya juu, isikutese. Ikiwa baridi ni kali huwa nyepesi na kavu, inasukumika. Inayoumiza ni ile inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri, imejaa maji, nzito. Tumia fagio la sponji lenye mpini mrefu, sukuma ianguke upande wa pili, usiinue. Anza na paa, maana theluji ya paani ukifunga breki inaporomoka yote kwenye kioo ulichokihangaikia. Ondoa pia iliyojaa chini ya kioo, pale gari linapovutia hewa, la sivyo upepo wa ndani utakuwa dhaifu na wenye unyevu.

Hapo ndipo kukwangua kunapobaki, na kunatakiwa kuwe kidogo, barafu ikiwa imeshalegea.

Kile kikwangulio kifupi cha kiganjani, ambacho huja bure na gari au huuzwa karibu na mahali pa kulipia, ndicho adui yako. Mpini wake mwembamba unakulazimisha ubane kwa kidole gumba, na ufupi wake unakulazimisha upinde kifundo ili ncha ifike kwenye kioo. Nunua chenye mpini mrefu unaoshikika kwa mikono miwili. Unene mzuri wa kushika ni kama sentimita 3 hadi 4. Ukiwa mwembamba, uzungushie povu lile la kufunikia mabomba ya maji, likaze kwa utepe. Akina mama wa Mwaloni nawashauri tyubu ya baiskeli kwenye mpini wa kisu, lakini kwenye baridi ya kwenu mpira unakakamaa na kuteleza.

Simama pembeni ya gari, mguu mmoja mbele. Mikono miwili kwenye mpini, na vidole gumba vizunguke pamoja na vingine, visilale kunyooka juu ya mpini. Tazama mkono wako kutoka juu: mstari wa mfupa wa mkono uendelee hadi kwenye kifundo cha kidole cha kati bila kupinda kulia wala kushoto. Ukiukuta umepinda, kosa si la mkono, umesimama mbali au umesimama pabaya. Kisha egemea. Nguvu itoke kwenye mguu na bega, kikwangulio kisonge mbele pamoja na mwili wako, si kwa kifundo kupepea. Vikwangulio vingi vina meno upande wa nyuma. Yapitishe kwanza kuchora mistari kwenye barafu ngumu, halafu geuza ubapa uingie chini yake. Anzia chini, pale upepo wa ndani unapopiga, ambapo barafu imeachia. Ukifika katikati ya kioo, acha. Zunguka upande wa pili. Kunyoosha mkono hadi upande wa abiria ndipo kifundo kinapopinda kuliko popote.

Barafu isipotoka kwa kuegemea mara mbili, haiko tayari. Rudi ndani ya gari dakika tatu. Usiigonge, usitumie kisu wala chuma kitakachochora kioo, na kadi ya benki iache kwenye pochi, inakulazimisha ubane kwa ncha za vidole, ambako ndiko kubaya kuliko kote.

Kuhusu kuhamia mkono wa kushoto: tumia mikono yote miwili kwa kupokezana, usihame kabisa. Mkono usiozoea hukaza zaidi na hupinda zaidi, na mtoto bado anakungoja nyumbani. Nimewaona wengi wakihamisha kazi yote upande mmoja na kunirudia na mikono miwili. Kwa kikwangulio cha mikono miwili swali hili karibu linajifia lenyewe.

Mkono uwe na joto kabla hujatoka. Vidole vilivyopoa havihisi vizuri, na mtu asiyehisi anabana kuliko inavyohitajika bila kujua. Osha vyombo vya jana kwa maji ya moto, kausha kabisa, vaa glavu nyembamba ndani na nene juu. Ila nene mno nazo zinakulazimisha ubane. Chagua zenye kiganja cha mpira usioteleza. Na viatu vyenye meno, tafadhali. Kuanguka mara moja kunatosha.

Kama kioo kinaganda kwa ndani, unyevu unaletwa na wewe mwenyewe: theluji ya viatuni, pumzi, glavu zilizolowa. Kung'uta viatu kabla ya kuingia, mwaga maji ya kwenye mazulia ya mpira, na jioni ukifika fungua milango dakika moja hewa ya joto itoke kabla hujafunga. Kukwangua ndani, ukiwa umekunja mkono nyuma ya usukani, ni kubaya kwa kifundo kuliko nje.

Sapoti nunua, lakini si ile ya kitambaa ya kuvuta kama soksi. Inatia joto tu, na inakudanganya kwamba umelindwa. Unayoihitaji ina ubao au plastiki ngumu na inashika kifundo pamoja na kidole gumba, ikiacha ncha ya kidole huru. Ivae usiku, na mchana unapomhudumia mtoto, kwa wiki nne hadi sita, ukiivua mara kadhaa kwa siku na kusogeza kidole taratibu pasipouma ili kisikakamae. Ukiwa unaendesha ivue. Inakunyima mshiko wa usukani, na kwenye barabara yenye barafu unauhitaji mkono wote. Ukiona huwezi kushika usukani bila sapoti, basi siku hiyo usiendeshe.

Dawa ya kupaka ya diklofenaki inapatikana madukani huko, lakini kama unanyonyesha muulize mfamasia kwanza, na usipake mahali mtoto atakapoweka mdomo. Wiki sita zikipita bila nafuu, mwombe daktari azungumze nawe juu ya sindano ya steroidi ndani ya ile ala. Watu wanaiogopa, lakini kwa de Quervain ni katika sindano zinazofanya kazi vizuri, na wengi huhitaji moja tu. Upasuaji upo kwa wachache waliobaki. Mazoezi ya kuimarisha mkono usiyaanze kwa kuangalia video wakati bado unachomwa. Yana wakati wake, maumivu yakishapungua, na mwenzangu wa fiziotherapia wa huko atakupangia akiuona mkono wenyewe.

Kazini nako waambie. Kunyanyua mzee kitandani kwa mikono ni kazi ya watu wawili au ya mashine, na nyumba nyingi za wazee za huko zina mashine ya kunyanyulia ambayo watu huiruka kwa sababu ya haraka. Daktari akikuandikia barua ya kupunguziwa kunyanyua, ipeleke, na ubaki na nakala.

Ukihisi ganzi isiyoisha, mkono ukivimba ukawa mwekundu na wa moto, au kidole gumba kikakataa kunyooka, usingoje zile wiki sita. Nenda siku hiyohiyo. Na picha ya skafoidi ikija na ufa, haya yote ya kikwangulio yaweke pembeni: huo mkono unafungwa, na kioo mtu mwingine akikwangue mpaka daktari aseme.